Jingo, gari la matangazo, ukuta, simu au ofa: lipi litafaa banda lako la chipsi?

Una banda la chipsi na kuku Arusha au Moshi, una akiba kidogo ya kujitangaza, na kila anayekula kwako ana ushauri wake. Dereva wa kifodi anasema nenda redioni. Kijana wa meza ya pili anasema siku hizi watu wako kwenye simu. Mchoraji wa vibao ameshaupima ukuta wako kwa macho. Fedha iliyopo inatosha jambo moja, mawili kwa kubanabana.

Nililipitia hili pamoja na mama yangu mdogo, anayekaangia Ngarenaro chini ya mjakaranda. Tulijaribu karibu yote yaliyomo humu, mengine tukayarudia baada ya kukosea. Ndiyo maana naanza na vipimo: sisi tulianza na tangazo, vipimo vikaja baadaye, na tofauti tuliilipia.

Vipimo vinne

Kwanza ni umbali kati ya msikilizaji na karai lako. Chipsi hazifuatwi kama kitanda au bati. Hakuna anayepanda gari kutoka Usa River hadi Ngarenaro kwa ajili ya zege, hata kama ametamani kweli. Atakula ya karibu.

Pili ni gharama, ila ihesabu kwa sahani. Tuseme faida yako kwa sahani ni sh. 1,000 na tangazo la wiki moja ni sh. 200,000. Ili fedha hiyo irudi tu, unahitaji sahani 200 zaidi ya zile ulizozoea kuuza, yaani karibu 29 kila siku kwa siku saba. Karai lako linaweza? Una mtu wa kumenya viazi vyote hivyo?

Tatu ni kile kinachobaki kichwani tangazo likikoma: jina, mahali, bei au kicheko tu. Kicheko peke yake hakinunui chakula. Mwaka 1997 kampuni ya vyakula ya Taco Bell ya Marekani ilimtoa kwenye televisheni mbwa mdogo wa aina ya Chihuahua anayezungumza. Watu walimpenda, wakanunua hadi midoli yake. Mauzo ya chakula yakashuka, na mwaka 2000 mbwa akaondolewa hewani. Kila mtu alimkumbuka mbwa.

Nne ni hatari: vibali, hakimiliki, majirani, na lile linalosahaulika kuliko yote, kuishiwa kuku siku watu waliyoitika.

Jingo la redioni

Jingo, yaani kiwimbo kifupi cha tangazo, ni la zamani kuliko redio. Muuza kahawa wa stendi hasemi neno. Anagonganisha vikombe tu, na mtu aliye ndani ya duka anajua kahawa imefika. Muuza karanga na sigara anatikisa sarafu kiganjani. Sauti fupi, ileile kila siku, na inakuambia kitu kiko wapi sasa hivi. Jingo la redio linatakiwa lifanye kazi hiyohiyo kwa mtu asiyekuona.

Wenye makampuni makubwa walilijua hilo. Katikati ya miaka ya 1970 McDonald's, wauza vyakula wa Marekani, walitengeneza jingo la Big Mac, mkate wao wa nyama, lililokuwa orodha ya vilivyomo ndani ya mkate: vipande viwili vya nyama, mchuzi, saladi, jibini, achari, vitunguu, na mkate wenyewe wa ufuta. Hakuna sifa hata moja ndani yake. Watu wakashindana kulitamka kwa pumzi moja, na kila aliyeshindana alikuwa anaisoma menyu yao bure. Mwaka 2003 kampuni hiyohiyo ilizindua kaulimbiu yake ya sasa mjini Munich, Ujerumani, kwa Kijerumani, kabla ya kuisambaza duniani ikiwa na sauti ya Justin Timberlake. Kilichodumu miaka yote hii ni zile noti tano za mwisho ambazo hazina maneno. McDonald's haijafungua duka Tanzania, lakini ukimpigia mluzi huo kijana wa Njiro ataumalizia.

Umbali: redio inavuka mji. Arusha kuna Radio 5, Triple A na nyingine. Moshi kuna Kili FM na Radio Sauti ya Injili. Hiyo ya mwisho ni ya KKKT na ina wasikilizaji wake, kwa hiyo tangazo la kiti moto na bia baridi litafutie pengine. Kuvuka mji ni sifa kwa mwenye mabanda matatu. Kwa mwenye banda moja, sehemu kubwa ya fedha inaenda kwa watu ambao hawatakula kwako kamwe.

Gharama ziko mbili, na wengi huiona moja tu. Studio unalipa mara moja. Muda wa hewani unalipa kila linapochezwa, na jingo lililochezwa mara tano halijaingia kichwa cha mtu yeyote. Ukishindwa kulilipia wiki tatu mfululizo, nakushauri usilianze. Uliza pia saa. Tangazo la chipsi saa tatu asubuhi linamkuta mtu ana chai na maandazi tumboni. Litake saa kumi na moja jioni, vifodi vikiwa vimejaa na redio ya dereva iko juu.

Kinachobaki: hapa jingo halina mpinzani, kwa heri na kwa shari. Jingo la kwanza la mama mdogo liliimba jina lake na kusema chipsi zake ni tamu kuliko zote Arusha. Watoto wa Sombetini waliliimba njia nzima ya kutoka shule. Yeye akaniambia, "Mwanangu, wimbo naupenda, ila karai halijajaa." Tukaja kugundua watu walikuwa wanafika Ngarenaro, wanauliza, na kabla hawajajibiwa wanakaa kwenye banda la kwanza lenye moshi. Hatukuwa tumesema mahali. Jingo la pili tuliliandika mezani kwake, yeye anakata kachumbari: "Chipsi, kuku, kachumbari, pilipili kwa mbali, chini ya mjakaranda!" Sifa tukazitoa zote. Wiki ile watu walianza kuja wakiutafuta mti.

Hatari: usichukue biti ya wimbo wa Bongo Fleva unaovuma ukabadilisha maneno. Sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999 inamlinda mtunzi, na COSOTA, ofisi ya hakimiliki, ipo kwa ajili hiyo. Kijana wa studio akikuambia "kila mtu anafanya", muombe atunge biti yake mwenyewe, kisha mwandikishiane kwamba ni yako. Studio yetu ya kwanza, ambayo siitaji, ilimuuzia mtu mwingine biti ileile, na kwa mwezi mzima tulikuwa tunamtangazia mwenye duka la vipuri.

Linamfaa: mwenye matawi, anayepeleka chakula kwa bodaboda, aliye jirani na stendi au barabara kuu, au aliyeko mahali ambapo watu wa mitaa mingi hupita kila siku.

Gari la matangazo

Umbali: kata moja, mbili ukiwa na dereva mvumilivu. Gharama: unalipa kwa siku, mafuta na mtu wa kipaza sauti. Kinachobaki: kidogo sana. Gari likipita Majengo saa nane likisema "leo, leo, leo", watu wanaisikia leo. Kesho hakuna anayekumbuka.

Kwa tukio la siku moja, hata hivyo, sijaona kinacholishinda. Siku ya kufungua, siku ya mbuzi wa kuchoma, siku ya mechi mliyoweka skrini kubwa: gari linamfikia mtu aliye uani anafua, asiye na bando wala redio. Na mtangazaji akiwa hai, haongei kama kanda. Anamwona mama mwenye kapu na kumwita kwa shati lake.

Hatari yake ni kelele. Pata kibali cha halmashauri kabla, na kumbuka NEMC, baraza la mazingira, ina kanuni za viwango vya kelele. Muagize dereva azime kabisa karibu na hospitali, shule, nyumba za ibada na, zaidi ya yote, penye turubai la msiba. Banda lililopiga muziki mbele ya msiba Moshi litasemwa vibaya miaka mingi, na kwa haki.

Linamfaa: anayefungua, anayehama, au mwenye jambo la tarehe moja.

Ukuta, kibao na kifungashio

Umbali: hatua hamsini. Unaonekana mfupi, lakini mteja aliye hatua hamsini kutoka kwako ana njaa tayari, na hana haja ya kukukumbuka, anahitaji kukuona. Kwa banda la wapita njia, hili ndilo tangazo ninaloliheshimu kuliko yote, na ndilo watu wanaloliharakisha.

Gharama: rangi na mchoraji mara moja, kisha ada ya bango kwa mujibu wa halmashauri yako. Kifungashio kinagharimu zaidi ya mfuko mtupu, lakini kinatembea: mtu aliyebeba boksi lako kutoka Double Road hadi Pasua amekutangazia njia yote, na harufu juu yake.

Kinachobaki kinategemea maneno. Mwaka 1984 Wendy's, mikahawa mingine ya Marekani, walimweka mbele ya kamera bibi wa miaka 81, Clara Peller, akitazama mkate mkubwa wenye kipande kidogo cha nyama na kuuliza kwa ukali nyama iko wapi. Maneno matatu ya Kiingereza, na kila mtu aliyewahi kupunjwa aliyaelewa. Mwaka uleule Walter Mondale, aliyekuwa akiwania urais, akayatumia kwenye mdahalo kumshambulia mpinzani wake. Nguvu yake ni kwamba yalikuwa swali ambalo mteja alikuwa nalo moyoni tayari. Wateja wako wana swali gani? Sikiliza kwenye foleni. Kwa mama mdogo lilikuwa "mafuta ni ya lini?" Ukutani tukaandika: *Mafuta mapya kila asubuhi, njoo uangalie.* Ikambidi ayabadilishe kweli kila asubuhi, na gharama hiyo nayo iingize kwenye hesabu.

Wabongo tuna chuo kikubwa cha kaulimbiu, nacho ni migongo ya daladala. Simama dakika ishirini stendi ya vifodi usome. Yanayokaa ni mafupi, yana mdundo, na yanasemeka. Vodacom walipokuja na "Yajayo yanafurahisha" haikuchukua muda mtaa ukaanza kuyatumia kwa mambo yasiyohusiana na simu kabisa, kwa sababu yalikuwa Kiswahili cha kusemeka.

Hatari: maneno ya ukutani hayabadiliki upesi, na dunia hubadilika. KFC walisifia kulamba vidole kwa miongo mingi, na Agosti 2020, katikati ya korona, wakalazimika kuiweka kaulimbiu hiyo pembeni. Kwa hiyo usipake bei. Viazi vikipanda mwezi ujao utafuta kwa rangi nyeupe na ukuta utaonekana una kidonda. Kibao cha kusimamisha kando ya barabara kuulizie TANROADS kama ni barabara kuu, TARURA kama ni ya mtaa. Ukuta wenye alama ya X nyekundu usiupambe.

Linamfaa: banda la njiani, sokoni, karibu na shule, hospitali au kituo cha vifodi, na mwenye mtaji mdogo kabisa.

Status na makundi ya WhatsApp

Umbali ni wa ajabu kidogo: unawafikia wanaokujua, popote walipo. Mama mwenye namba mia tatu za wateja ana redio yake mwenyewe. Gharama ni bando, na muda wa kupiga picha ya kuku akiwa bado anatoa mvuke. Kinachobaki ni njaa ya saa ile. Kesho unaanza upya.

Wanafunzi wa Chuo cha Uhasibu pale Njiro, wa Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi na wahudumu wa zamu za usiku KCMC huagiza kwa njia hii, wakichanga wanne wanne nauli ya bodaboda.

Hatari ni kufanikiwa kupita kiasi. Agosti 2019 Popeyes ya Marekani ilileta mkate wake wa kuku, ikatupiana maneno mtandaoni na mshindani wake Chick-fil-A, na ndani ya wiki mbili hivi mkate ukaisha nchi nzima. Kampuni kubwa inaweza kugeuza kuishiwa kuwa habari. Banda likiishiwa, mteja aliyelipia bodaboda hakusamehe. Weka status nyingine upesi: "Kuku wameisha, tuonane kesho saa kumi." Wenzetu wa KFC Uingereza walifanya hivyo kwa ustadi Februari 2018, kuku walipokosekana na mamia ya maduka yakafungwa: walipanga upya herufi tatu za jina lao kwenye ndoo tupu, likawa tusi wanalojitupia wenyewe, na chini yake wakaomba radhi.

Linamfaa: mwenye wateja wa kudumu na simu inayojibiwa. Simu isiyojibiwa ni bora usiitangaze.

Ofa

Ofa ni tangazo linalolipwa kwa kuku badala ya fedha, na kwa sababu hakuna risiti watu hudhani ni bure. Tuseme sahani unaiuza sh. 4,000 na imekugharimu sh. 3,000. "Mbili kwa bei ya moja" maana yake umepokea 4,000 kwa kitu cha 6,000. Kila anayecheka akiondoka amekuachia hasara ya 2,000. Kadi ya mihuri ni tofauti: mteja akila sahani kumi umepata faida ya 10,000, ya kumi na moja ukimpa bure inakula 3,000, unabaki na 7,000 na mtu aliyerudi mara kumi na moja. Nikilazimika kuchagua kati ya hizo mbili kwa banda dogo, nachukua kadi bila kusita.

Umbali: wa kati. Habari ya ofa husafiri kwa mdomo, mtaa hadi mtaa, kwa kasi kuliko gari. Kinachobaki ni bei, na hapo pana mtego: ukikumbukwa kwa bei, siku ukiirudisha ya zamani unaonekana umepandisha.

Kuna ofa moja, hata hivyo, iliyogeuka desturi. Mwaka 1974 KFC Japani walianza kuwahimiza watu wale kuku wao sikukuu ya Krismasi, katika nchi ambayo Wakristo ni wachache na hakukuwa na chakula maalumu cha siku hiyo. Walikuta nafasi tupu kwenye kalenda, wakaijaza. Mpaka leo familia nyingi huagiza mapema. Mwenye banda Moshi, itazame Desemba yako kwa jicho hilo. Wachaga wanapanda kutoka Dar na kwingineko, mji unajaa, na huko migombani ndafu na mtori vimeshajaza sikukuu yenyewe. Nafasi tupu ni ile jioni ya kufika: mabasi yanashusha usiku, watu wamechoka, watoto wana njaa, na kijijini ni mbali bado. Boksi la familia la "karibu nyumbani", linaloagizwa kwa simu basi likiwa Same na kuchukuliwa stendi. Hapo sahani inauzwa kwa bei yake, hupunguzi kitu.

Hatari ya ofa ni kuahidi usichokitawala. Mwaka 1984, Olimpiki ya Los Angeles, McDonald's waligawa kadi za kukwangua: Mmarekani akishinda mchezo ulioandikwa kwenye kadi yako, dhahabu ni Big Mac, fedha ni chipsi, shaba ni Coca-Cola, bure. Kisha Umoja wa Kisovieti na washirika wake wakasusia michezo. Marekani, iliyopata dhahabu 34 mwaka 1976, ikapata 83. Vyakula vya bure vikatoka vingi kuliko walivyopanga. Nalisema hili kwa sababu AFCON 2027 inakuja Tanzania, Kenya na Uganda, na uwanja mpya unajengwa Arusha. Watakuwepo wenye mabanda watakaoahidi soda bure kila bao la Taifa Stars. Wekeni kikomo: "watu 30 wa kwanza." Na zawadi za kubahatisha, kwa namba za droo au kukwangua, ziko chini ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, waulizeni kabla ya kuchapisha tiketi.

Linamfaa: mwenye kujua gharama ya sahani yake hadi shilingi, na mwenye saa tupu za kujaza, kama saa tisa hadi kumi na moja alasiri.

Kulingana na hali yako

Unafungua wiki ijayo, mtaa haukujui: paka ukuta kwanza, kisha gari siku moja. Redio isubiri.

Una mwaka mmoja, wateja wanarudi lakini hawaongezeki: kadi ya mihuri na WhatsApp. Omba namba kila unapopokea malipo.

Umefungua banda la pili, moja Sakina na jingine Kijenge: sasa jingo lina maana, maana kila anayelisikia ana tawi la kukimbilia. Imba menyu na mahali, na mpe mtoto wa jirani alisikilize mara mbili. Asipoweza kuliimba, rudi studio.

Uko uchochoroni, huonekani barabarani: kibao cha mshale na alama moja ambayo haihami, mti, mnara, mashine ya kusaga. Kisha tumia alama hiyohiyo kwenye kila tangazo.

Una banda karibu na chuo: simu, na ratiba ya mitihani ukutani kwako. Likizo ya chuo usitangaze kitu, okoa fedha.

Umeshajaza kila jioni na kuku wanaisha saa mbili: fedha ya tangazo nunulia karai la pili. Mama mdogo ndipo alipo sasa. Karai limefika Jumanne, na jingo tumelisimamisha mpaka apate msichana wa kumenya viazi.